UZI: Jina la Revis, ukoo adimu wa Yorkshire wenye babu kutoka Afrika Magharibi

Mpekuzi wa Nasaba (mwanzisha uzi):

Wakuu, heshima kwenu.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, akiwemo Turi King na Mark Jobling, walitoa matokeo yaliyogonga vichwa vya habari Uingereza. Walikuwa wakipima kromosomu Y, kile kifungu cha vinasaba walicho nacho wanaume tu, za mamia ya wanaume wa nchi hiyo. Kromosomu hii baba humrithisha mwanawe wa kiume peke yake, naye humrithisha wake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa uzao. Katika sampuli zile wakakutana na moja ambayo haikutakiwa kuwepo pale. Mwenye nayo ni mzungu mtupu, familia yake yote anayoijua ni ya Uingereza, lakini kromosomu yake ni ya kundi A1.

Kundi A ndilo tawi lililoachana na mengine mapema kuliko yote katika mti wa nasaba za wanaume duniani, na huhesabiwa kuwa la Afrika. Hadi siku hiyo halikuwa limewahi kuripotiwa kwa mtu wa asili wa Uingereza, wala popote Ulaya Magharibi. Hilo tawi dogo la A1 ni adimu hata hapa barani. Linapatikana kwa watu wachache wa Afrika Magharibi, nchi kama Guinea-Bissau, Senegali na Mali.

Watafiti wangeweza kuishia hapo na kusema ni ajabu ya mtu mmoja. Kilichowaokoa ni jina lake. Lilikuwa jina adimu la mashariki ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, upande unaotazama Bahari ya Kaskazini. Kwenye ripoti walilificha, wakasema tu linaanza na herufi R, ila baadaye lilitajwa hadharani magazetini: Revis. Wakawatafuta wanaume wengine wenye jina hilo, wakapata 18. Katika hao 18, saba wakakutwa na kromosomu ile ile ya A1.

Saba kati ya 18! 

Kisha wakaingia kwenye makaratasi: vyeti vya kuzaliwa, sensa, rejista za makanisa. Wakapanda kizazi baada ya kizazi mpaka wote wakaangukia kwenye nasaba mbili, kila moja ikiwa na babu yake aliyeishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Karatasi hazikuziunganisha nasaba hizo mbili. Vinasaba ndivyo vilivyoziunganisha: walilinganisha sehemu 77 za kupimia kwenye kromosomu ya kila mmoja, wakaona zinakutana kwa babu mmoja vizazi vichache tu nyuma ya hapo.

Kwa hiyo kuna mwanamume mmoja, au baba yake, au babu wa babu yake, aliyetoka Afrika Magharibi au aliyezaliwa na aliyetoka huko, na uzao wake ukawa watu wa Yorkshire kwa zaidi ya miaka 200 bila yeyote kujua. Nimelifuatilia jambo hili muda mrefu na bado linanisisimua. Maswali yaleteni.

---

Binti Pangani:

Nimesoma mara mbili. Swali langu mkuu: jina lingekuwa Smith ingekuwaje?

---

Mpekuzi wa Nasaba:

Dada Binti Pangani, umegusa penyewe.

Wangekwama. Smith ni wahunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo jina lilianza mara elfu kwa watu elfu wasiohusiana. King na Jobling waliendelea na kazi, na mwaka 2009 wakatoa utafiti wa majina 40. Wanaume wenye jina Smith walikutwa hawakaribiani kinasaba kuliko watu wowote wawili unaowaokota barabarani. Ukija kwa jina adimu kama Attenborough, karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa na kromosomu ya aina moja. Yaani jina lilianza na mtu mmoja, au wachache sana.

Attenborough ndilo la yule mzee wa filamu za wanyama, Sir David, ambaye wengi humu tumekua tukimtazama akiwa Serengeti. Jina ni la kijiji, kipo Nottinghamshire kando ya mto Trent, mpaka leo kipo. Mtu alihama pale, akafika kwingine akaitwa "wa Attenborough", watoto wakabaki nalo. Na baba yake David, Frederick, ndiye aliyekiongoza chuo cha Leicester kabla hakijawa chuo kikuu kamili. Chuo hicho hicho ndipo mwaka 1984 Alec Jeffreys alipogundua namna ya kumtambua mtu kwa alama za vinasaba, na ndicho kilichokuja kupima hayo majina.

Kabla ya hapo, mwaka 2006, walichukua jozi 150 za wanaume, kila jozi wana jina moja ila hawajuani. Kama robo ya jozi zote zilionekana kuwa na babu mmoja wa karibuni. Kwenye majina adimu ikapanda hadi karibu nusu. Ndiyo maana polisi nao walianza kulitolea macho jambo hili, kwamba damu iliyoachwa kwenye tukio inaweza kuelekeza kwenye jina.

---

Kaka Mkubwa:

Hii ni kama kwetu Kilimanjaro tu. Ukisikia Swai unajua huyo wa Machame, ukisikia Shirima unajua huyo wa Rombo. Sikudhani wazungu nao wana mambo ya "huyu wa wapi" kwa kusikia jina.

---

Mpekuzi wa Nasaba:

Wanayo sana kaka, hasa kaskazini, Yorkshire na Lancashire. Mwaka 1890 daktari mmoja, Henry Guppy, alichapisha kitabu kizima cha kuonyesha kila jina linatoka kaunti gani. Mbinu yake naipenda mno. Aliacha watu wa mjini wote, akachukua orodha za wakulima peke yao. Aliona mkulima ndiye asiyehama: anazaliwa shambani kwa baba yake, anazikwa kanisa lile lile. Ukijua majina ya wakulima, umejua ramani ya majina kabla viwanda havijawachanganya watu.

Leo watafiti wanatumia zaidi sensa ya 1881, kwa sababu yote imeandikwa upya na kuwekewa faharasa, unaweza kulitafuta jina lolote ukaona lilikuwa wapi nchi nzima. Utashangaa. Miaka zaidi ya 500 tangu majina yaanze, na bado jina adimu unalikuta limejikusanya maili chache kutoka lilipozaliwa, na tawi moja limekwenda kwenye mji wa karibu wenye kazi. Jina la pwani ya mashariki ya Yorkshire linaelekea Hull bandarini, la mabondeni upande wa magharibi linaelekea Leeds, Bradford au Huddersfield kwenye viwanda vya sufu.

---

Mchokozi wa Hoja:

Mkuu samahani. Saba ndio A1, haya hao 11 wengine ni akina nani? Maana hapo naona ukoo umevunjika. Ama mabibi walichepuka?

---

Mpekuzi wa Nasaba:

Ndugu, swali zuri, na jibu lake ni pana kuliko kuchepuka.

Njia ya kwanza: jina lenyewe linaweza kuwa lilianza kwa zaidi ya mtu mmoja. Njia ya pili: mtoto analelewa na baba wa kambo au na mjomba, anachukua jina lake. Ya tatu: mama hajaolewa, mtoto anabatizwa kwa jina la upande wa mama, na hapo kromosomu ya baba asiyetajwa inaingia kwenye jina la babu mzaa mama. Ya nne ndiyo hiyo yako. Ule utafiti wa 2009 ulikadiria njia hizi zote za kukatika zikijumlishwa ni kati ya asilimia 1 na 4 na ushei kwa kila kizazi. Ni kidogo, ila zidisha kwa vizazi 20 utaona mpasuko.

Sasa njia ya tatu iwekee alama, maana inaweza kuwa ndiyo mlango alioingilia babu yetu huyu. Mwafrika anafika Yorkshire, anazaa na binti wa hapo, hawafungi ndoa kanisani, mtoto anaandikwa kwa jina la mama. Kizazi kinachofuata kimekwishakuwa Revis. Au yeye mwenyewe alibatizwa akapewa jina la familia aliyoitumikia. Yote mawili yalikuwa yakitokea Uingereza ya wakati ule.

---

Binti Pangani:

Na alifika lini? Maana umesema karne ya 18 ni ya hao mababu wawili, sio yake.

---

Mpekuzi wa Nasaba:

Hapa ndipo utamu ulipo, nitakaa kidogo.

Watu wengi wanadhani Mwafrika wa kwanza Uingereza alishuka na meli za baada ya vita kuu ya pili. Yorkshire peke yake inakanusha. Mlango wa kwanza ni Warumi. Mji wa York ulikuwa kambi kuu ya jeshi lao, ukiitwa Eboracum. Mfalme mkuu wa Roma Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, alifia hapo York mwezi Februari mwaka 211. Karne hiyo ya tatu, kaskazini zaidi kwenye ukuta wa Hadrian, ule wa mpaka wa Warumi, ngome ya Aballava ambayo leo ni kijiji cha Burgh by Sands, kilikaa kikosi cha Wamoor kutoka Afrika Kaskazini.

Halafu kuna yule mwanamke wa York. Kaburi lake lilifukuliwa mwaka 1901, la karne ya nne. Jeneza la jiwe, na ndani yake bangili za aina mbili: nyingine za pembe ya ndovu iliyotoka Afrika, nyingine za jeti, lile jiwe jeusi linalong'aa la Whitby, pwani ya huko huko Yorkshire. Kulikuwa na herini, shanga, kioo, na chupa ya bluu ya manukato. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walipopima fuvu na meno yake, wakatangaza mwaka 2010 kwamba huenda alikuwa mchanganyiko mwenye asili ya Afrika. Mtu wa tabaka la juu, sio kijakazi. Nikizifikiria bangili zile, za Afrika na za Yorkshire kwa mtu mmoja, naona historia tuliyofundishwa ilikuwa imekatwa katikati.

Mlango wa pili ni Waviking, wale mabaharia wavamizi wa Skandinavia, ambao karne ya tisa walivamia pwani za Uhispania na Afrika Kaskazini wakachukua mateka hadi Ireland. Wa tatu ni kuanzia karne ya 16. Mwaka 1511 mpiga tarumbeta mweusi, John Blanke, amechorwa akiwa juu ya farasi kwenye mashindano ya Mfalme Henry wa Nane. Baadaye biashara ya utumwa ikaleta maelfu kupitia London, Bristol na Liverpool, na wengi wakatawanywa kuwa watumishi kwenye majumba ya matajiri hadi vijijini.

Watafiti wenyewe waliuacha mlango wazi. Mimi naegemea wa tatu, na hoja yangu ni hii: Waingereza wa kawaida walianza kushika majina ya kurithi kati ya karne ya 12 na ya 15. Kama A1 ingekuwa Yorkshire tangu Warumi, ingekuwa imewafikia watu kabla ya majina kuanza, na leo ningetarajia kuiona kwenye majina kadhaa tofauti. Imeonekana kwenye jina moja, na matawi yake yanakutana vizazi vichache tu kabla ya mwisho wa karne ya 18. Hilo linanielekeza kwa mtu aliyefika baada ya jina kuwepo. Najua ukoo unaweza kufifia na kubaki uzi mmoja, kwa hiyo hoja yangu haifungi mlango wa Warumi, ila uzito nauona upande huu.

Na tazameni miaka. Mwishoni mwa karne ya 18, wakati wale mababu wawili wako hai Yorkshire, mmoja wa wabunge wa Yorkshire alikuwa William Wilberforce, mzaliwa wa Hull. Tarehe 12 Mei 1789 alisimama Bungeni akatoa hotuba yake ya kwanza kubwa ya kutaka biashara ya utumwa ikomeshwe. Jimboni kwake mwenyewe palikuwa na familia zenye babu wa Afrika Magharibi.

---

Mwana Tarishi:

Ina maana hao akina Revis ni Waafrika wenzetu? Waje tuwape uraia.

---

Mpekuzi wa Nasaba:

Karibu yao ipo, ila tuelewane kuhusu hesabu. Kromosomu Y ni uzi mmoja tu wa nasaba: baba wa baba wa baba. Ukirudi vizazi kumi una mababu na mabibi 1,024, na huyu ni mmoja wao. Vinasaba vingine vyote hupungua nusu kila kizazi, ndio maana sura imebaki ya kizungu na nywele pia. Kromosomu Y haipungui hivyo, inapita karibu nzima. Na hii inafanya kazi pande zote mbili: Mmarekani mweusi anaweza kupimwa Y akaambiwa babu yake ni wa Ulaya, na wale watafiti walisisitiza hilo, kwamba usimpangie mtu nchi ya asili kwa kipimo cha Y peke yake. Ukimpima mmoja wa hao saba bila kujua jina lake ungemtuma Guinea-Bissau, kumbe familia yake yote anayoijua ni ya Uingereza.

---

Kaka Mkubwa:

Mbona Afrika Magharibi na sio huku kwetu? Si nimesikia kundi A lipo hadi Sudan?

---

Mpekuzi wa Nasaba:

Lipo kaka. Kundi A lina matawi yaliyoachana zamani mno. Kuna tawi la Wadinka wa Sudan Kusini na baadhi ya Waethiopia, kuna la Wasan kusini mwa Afrika. Hilo la akina Revis walilinganisha na mifano ya Kiafrika iliyokuwepo, likaangukia magharibi.

---

Mzee wa Gerezani:

Wanangu, mnazungumzia majina ya Yorkshire, na mimi niongeze lenye uhusiano na mji wetu. Sykes. Hapa Dar es Salaam ni jina kubwa: Kleist Sykes, Abdulwahid, Ally. Je, nao damu yao Yorkshire?

---

Mpekuzi wa Nasaba:

Shikamoo mzee wangu. Hapana, ni koo mbili zilizokutana kwenye tahajia tu, na kila moja ina historia nzito.

Sykes wa Uingereza ni jina la West Riding, upande wa magharibi wa Yorkshire, linapatikana kwenye kumbukumbu tangu karne ya 13. Lina sehemu yake kwenye elimu hii, kwa sababu profesa Bryan Sykes wa Oxford aliamua kulipima jina lake mwenyewe. Mwaka 2000 alichapisha matokeo ya wanaume 48 wa jina hilo, karibu nusu yao wakawa na kromosomu ya aina moja. Huo ndio utafiti uliofungua njia kwa hizi kazi za Leicester.

Sykes wa Dar es Salaam asili yao ni Sykes Mbuwane, Mzulu aliyetoka Msumbiji akaja na jeshi la Mjerumani Wissmann mwaka 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Mwanawe Kleist, aliyezaliwa 1894, akawa Kleist Sykes, miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Watoto wa Kleist nao wakabaki Sykes, na Abdulwahid akawa kati ya waliounda TANU mwaka 1954. Mzee, hapo umeona kwa macho jina la ukoo likizaliwa: jina la baba mmoja linaganda, wajukuu wanalibeba. Waingereza walipita huko huko miaka 700 iliyopita, akina Johnson (mwana wa John) na Wilson (mwana wa Will), sisi tuna bahati ya kuwa na tarehe.

---

Mzee wa Gerezani:

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa vizuri sana.

---

Mla Ndizi Leeds:

Wakuu mimi nipo Leeds mwaka wa tatu huu. Kazini kuna mtu wa jina adimu la huku, nataka nimsaidie kutafuta. Naanzia wapi? Na hao Revis naweza kuwasoma wapi?

---

Mpekuzi wa Nasaba:

Ndugu upo penyewe. Usianze na vinasaba, anza na karatasi, ukirudi nyuma kizazi kimoja kimoja.

Vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na kifo vilianza Julai 1837. Sensa zenye majina ni kuanzia 1841, kila miaka kumi, na hufunguliwa baada ya miaka 100. Ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, na hapo utakutana na pengo: ya 1931 iliungua moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika kwa ajili ya vita, kwa hiyo inayofuata ni ya 1951, itafunguliwa 2052. Katikati kuna rejista ya taifa ya Septemba 1939, itumie hiyo.

Nyuma ya 1837 ni rejista za parokia. Makanisa yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi mwaka 1538, na tangu 1598 nakala zikawa zinapelekwa kwa askofu kila mwaka. Nakala hizo ni mkombozi, kwa sababu kitabu cha kanisa kikiliwa na panya au kuloa, ya askofu inaweza kuwa imebaki. Jina la West Riding likiwa la zamani, jaribu pia orodha ya kodi ya kichwa ya 1379, ya upande huo imebaki vizuri, kijiji kwa kijiji.

Kwa jina la mashariki kama Revis unakwenda Beverley, kwenye nyaraka za East Riding, na York kwenye Taasisi ya Borthwick chuoni pale, ambako nyaraka za dayosisi na wosia zimehifadhiwa. Hapo tafuta kila tahajia, maana karani aliandika alivyosikia: Revis, Revess, Rivis, Reavis. Usiishie safu ya majina, soma na maneno ya pembeni. Mwafrika akibatizwa mtu mzima, kasisi mara nyingi aliongeza maneno pembeni: mweusi, mtumishi wa fulani, umri kwa kukisia. Na kwa mtoto asiye na baba aliyetajwa, soma pia vitabu vya fedha za maskini za parokia hiyo. Parokia ilikuwa inamsaka baba ili alipe matunzo, na jina lake linaweza kuwa limeandikwa huko kwa sababu ya shilingi chache za kila wiki.

Chama cha watu wanaofuatilia jina moja moja nacho kipo Uingereza tangu 1979, Guild of One-Name Studies. Angalia kwanza kama jina la huyo mwenzako lina mtu aliyekwishalisajili, usije ukarudia kazi ya miaka 20.

---

Mla Ndizi Leeds:

Shukrani sana mkuu. Beverley ni treni tu kutoka hapa. Nikipata kitu kwenye vitabu vya fedha za maskini nakileta kwenye uzi huu huu.

---

Mpekuzi wa Nasaba:

Kilete na picha ya ukurasa mzima, usikate pembeni. Na andika namba ya kumbukumbu ya kitabu, ili mwingine aweze kukiomba.